Andika Nyuma ya Picha

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu alisome tena pamoja na wanafunzi baada ya kulisikia.)

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana daftari na penseli yake. Walio nyuma na wasogee karibu na redio.

Katika somo lililopita tulijifunza kuandika barua. Leo tutajifunza maandishi mafupi kuliko barua. Tutajifunza kuandika nyuma ya picha.

Hapa mkononi mwangu ninayo picha moja. Niliipiga mwenyewe miaka 8 iliyopita. Inaonyesha wanaume 11 wamesimama mbele ya daraja la magogo, na nyuma yao uko mlima. Picha hii ilinifundisha jambo kubwa, nami nitawaeleza kabla ya kumaliza somo.

Mimi ni Afisa wa Elimu. Kupiga picha si kazi yangu. Nilinunua kamera kwa fedha zangu kwa sababu napenda kutazama milima, mito, na watu wakiwa kazini. Mtu wa namna hii huitwa mpiga picha wa ridhaa. Maana yake, anapiga picha kwa kupenda mwenyewe, wala hapati mshahara.

Zamani mambo hayakuwa rahisi hivyo. Kamera zilikuwa kubwa, nzito na za thamani, na mwenye kamera ilimpasa kujua dawa za kusafishia picha. Mwaka 1888 Bwana George Eastman wa Marekani alianza kuuza kamera ndogo iitwayo Kodak. Ilikuwa na filamu ya picha 100. Mtu alipozimaliza aliipeleka kamera kiwandani, naye akasafishiwa picha huko. Bei yake ilikuwa dola 25, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Lakini mwaka 1900 kiwanda hicho hicho kilitoa kamera iitwayo Brownie, kwa dola 1 tu. Tangu hapo hata watoto na wafanyakazi wa kawaida waliweza kupiga picha.

Wapiga picha wa ridhaa wana desturi nzuri. Wakikutana huonyeshana picha zao, na kila mmoja hueleza habari za picha yake. Mmoja husema, "Nilisimama hapa tangu alfajiri, nikangoja mpaka ukungu ukaondoka." Mwingine husema, "Mvuvi huyu alikuwa ametoka baharini bila samaki hata mmoja, lakini tazama anavyocheka." Mara nyingi maelezo ni matamu kuliko picha yenyewe. Taabu ni hii: maneno ya mdomo hupotea. Picha hubaki, lakini hubaki bubu.

Sasa sikilizeni habari za picha tatu.

Picha ya kwanza ni ya Ufaransa. Yapata mwaka 1826 au 1827, Bwana Nicéphore Niépce aliweka bamba la madini, lililopakwa lami ya namna fulani, ndani ya sanduku la giza lenye tundu la kuingizia mwanga. Akalielekeza nje ya dirisha la nyumba yake. Mwanga wa jua ukafanya kazi yake kwa saa nyingi sana, na juu ya bamba yakaonekana mapaa na kuta za majengo. Hiyo ndiyo picha ya kamera iliyo ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani. Bwana Niépce aliichukua mpaka Uingereza mwaka 1827, akampa rafiki yake mmoja, Francis Bauer. Rafiki huyo akaandika nyuma yake kwamba hilo ni jaribio la kwanza la Bwana Niépce lililofaulu. Baadaye picha ikasahaulika kwa miaka mingi. Mwaka 1952 mtaalamu mmoja, Helmut Gernsheim, aliipata. Ukiitazama kwa haraka waweza kudhani ni kipande cha bati kilichochakaa. Lakini maandishi yalikuwapo, yakasaidia kuitambua.

Picha ya pili pia ni ya Ufaransa. Jacques-Henri Lartigue alizaliwa mwaka 1894. Alipewa kamera angali mtoto mdogo, akawa anapiga picha za nyumbani kwao: ndugu zake, mbwa, magari, michezo. Mwaka 1905 alimpiga picha binamu yake Bichonnade akiruka kwenye ngazi za nyumba moja mjini Paris. Binamu yuko hewani kama ndege. Lakini Lartigue hakupiga picha tu. Alikuwa na daftari la kila siku. Humo aliandika mambo aliyoyafanya na hali ya hewa, tena alichora vielelezo vya picha alizopiga. Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 69, picha zake zilionyeshwa katika jumba kubwa la sanaa la New York. Ndiyo maana leo twajua yule msichana anayeruka ni nani, yuko wapi, na ni mwaka gani.

Picha ya tatu si moja, ni nyingi sana. Vivian Maier alikuwa yaya, yaani mlezi wa watoto wa watu, mjini Chicago. Siku zake za mapumziko alitembea mitaani na kamera. Alipiga picha zaidi ya 100,000, lakini aliwaonyesha watu wachache mno. Mwaka 2007 vitu vyake vilivyokuwa ghalani vilipigwa mnada, kwa kuwa kodi ya ghala haikulipwa. Alifariki mwaka 2009. Leo picha zake zasifiwa mahali pengi. Lakini watu wengi waliomo, wazee na watoto wa mitaani, hawana majina. Aliyeweza kutueleza alizungumza nao nini hayupo tena.

Hata picha ya mlima yahitaji maneno. Wataalamu wamepima barafu ya Kilimanjaro. Mwaka 1912 ilienea kiasi cha kilometa za mraba 12. Mwaka 2011 haikufika hata kilometa za mraba 2. Mtu aliyepiga picha ya mlima huo zamani, akaandika mwaka na mahali aliposimama, ametuachia ushahidi. Twaweza kusimama pale pale tukalinganisha. Asiyeandika ametuachia pambo la ukutani.

Labda mtu atasema, "Siku hizi picha zangu zimo katika simu." Ni kweli, na simu yaweza kukumbuka tarehe na saa. Lakini simu haijui yule bibi ni nani, wala kwa nini anacheka. Tena simu ikipotea, picha nazo huenda zikapotea. Chagua chache zilizo muhimu, uzipeleke kwa mpiga picha wa mjini azitoe kwenye karatasi.

Basi nirudi kwenye picha yangu ya daraja. Nilipoipiga sikuandika kitu. Masika yaliyofuata mto ulifurika ukalichukua daraja. Mwaka jana nilirudi katika kijiji kile, nikawaonyesha wanafunzi wa darasa la watu wazima. Wakafurahi, wakaanza kutaja majina. Mwalimu akawa anayaandika nyuma ya picha, kutoka kushoto kwenda kulia, mpaka yakatimia 11.

Mama mmoja akasema, "Bwana Afisa, mbona walikuwa 12?"

Watu wakanyamaza. Mama akaeleza kwamba mume wake alifanya kazi ile siku zote 6. Msumeno ulikuwa wa kuazima, na saa nilipofika na kamera yangu yeye alikuwa amekwenda kuurudisha kwa mwenyewe. Sasa amekwisha kufariki, wala hakupigwa picha hata siku moja. Mama akasema, "Nimetazama sana. Nilidhani labda kivuli chake kimo."

Sikuwa na la kumjibu. Miaka 7 nilikuwa nikiwaonyesha watu picha ile na kusema, "Hawa ndio waliojenga daraja." Kumbe nilimwacha mmoja nje.

Mwalimu akampa penseli. Mama yule alikuwa amejifunza kuandika kwa miezi 7 tu. Akaandika polepole jina la mumewe chini ya yale 11, akaongeza maneno matatu: "Alikwenda kurudisha msumeno." Tangu siku ile, mbele ya picha yangu wako watu 11, na nyuma wako 12.

Na sasa kazi yenu. Chukueni picha moja ya nyumbani. Iwekeni juu ya meza iliyo sawa. Tumieni penseli laini, wala msiikandamize, maana alama zitatokea mbele. Andikeni mambo manne: ni nani, ni wapi, ni lini, na kuna habari gani. Kwa mfano:

"Mama akipepeta mpunga nyuma ya nyumba yetu, baada ya masika, mwaka 1998. Ungo huu aliusuka mwenyewe."

Kama hamjui majina, waulizeni wazee wiki hii, wala msingoje. Na mkimpiga mtu picha, kwanza mwombeni ruhusa, kisha muulizeni jina lake.

Maswali

1. Mpiga picha wa ridhaa ni mtu wa namna gani?
2. Maandishi yalisaidiaje picha ya Bwana Niépce?
3. Kwa nini yule mama alisema walikuwa watu 12?
4. Katika picha za nyumbani kwako, ni nani asiyeonekana? Andika jina lake.

Kwaherini, wanafunzi wapenzi, mpaka somo lijalo.