Vakansi pa lupango: furaha iingie, mavumbi ibakie inje

Masomo imefungwa, watoto wako ku nyumba mpaka mwanzo wa mwezi wa 9. Mvua hakuna. Asubuhi baridi inauma, muchana jua ni tamu, na mangaribi upepo unabeba mavumbi. Hii njo kiangazi yetu ya Haut-Katanga na Lualaba, wakati ile watoto wanauliza: “Baba, tutaenda wapi?”

Kwa jamaa mingi za wafanyakazi wa mugodi, feza ya kupeleka watoto mbali haiko. Konje ya baba ni siku chache. Na yule anachimba kwa mikono yake hana konje hata kidogo: siku hashuke mu shimo, siku ile hakuna bunga. Basi vakansi itafanyika pa lupango. Hiyo si aibu. Lupango ikipangwa vizuri inaweza kuwapa watoto kiangazi ya kukumbuka. Lakini kwetu sisi watu wa migodi kuko sharti moja: mavumbi ya kazi isiingie pamoja na baba.

Lupango ilishatulisha

Wazee wanakumbuka wakati wa Union Minière, na nyuma yake Gécamines kuanzia 1967. Kampuni ilikuwa inatoa nyumba mu kambi, posho ya bunga, masomo, hospitali, na serkle ya kuchezea. Watu walikuwa wanaiita baba na mama. Mu 1990 mugodi wa Kamoto ulibomoka, na miaka iliyofuata mishahara ikaanza kukawia. Mu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliondoka mu Gécamines kwa ile tuliita “départ volontaire”.

Nani alilisha watoto wakati ule? Mara mingi ni mama, na jembe, na meza kidogo ya kuuzisha mbele ya mulango. Kwa hiyo kijana akisema leo kama kulima pa lupango ni kazi ya masikini, muzee yuko na jibu ya kumupa.

Mavumbi inatembea na nguo

Mu 2009 watafiti wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza uchunguzi juu ya watu wanaoishi Katanga karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini. Walipima mikojo. Kwa watu wanaoishi chini ya kilometa 3 na mugodi ao kiwanda, kobalti ilikuwa mingi kupita kwa wale wanaoishi mbali. Na watoto walikuwa nayo kupita wakubwa. Mutoto anacheza chini, anatia mikono mu kinywa, anakula bila kunawa. Kiangazi, wakati hakuna mvua ya kulaza mavumbi, njo wakati yake ya kucheza inje kutwa nzima.

Kwa hiyo, mbele ya kufikiri bustani na nyama ya kuchoma, tuanze ku mulango. Kama ku kazi kuko mahali pa kuoga na kubadilisha nguo, baba aoge kule. Kama hakuna, boti na salopeti ibakie inje, na anawe mbele ya kubeba mutoto. Nguo ya kazi ifuliwe peke yake, si pamoja na ya mutoto, na maji yake isimwangwe ku mboga. Mama akitaka kufagia kiwanja, anyunyize maji kwanza. Na wachimbaji, sikieni hii: mufuko wa majiwe usilale mu nyumba, na majiwe isipondwe mahali watoto wanacheza. Mutoto anaweza kukuonyesha mapendo kwa kukubebea mufuko, lakini wewe unaweza kumuonyesha yako kwa kumukataza.

Bustani ya miezi 2

Vakansi ya miezi 2 inatosha kwa mutoto kupanda na kula kazi ya mikono yake. Mupe kila mumoja kitanda chake, hata ya meta 1 tu. Aanze na lengalenga: ikimwangiliwa asubuhi na mangaribi inaweza kuvunwa kisha wiki 4 ao 5, hata kama baridi inaikawisha kidogo. Shu ya Shina inaomba zaidi kidogo. Tomati inakomea kisha masomo kufunguliwa, lakini ni muzuri mutoto ajue kungojea. Funika udongo na majani ya kukauka, maji itakaa muda murefu, na utachota mara chache.

Sasa, udongo gani? Hapa njo swali kubwa. Mu Lubumbashi inajulikana kama moshi ya kiwanda cha zamani cha shaba ulisukumwa na upepo miaka mingi kuelekea kaskazini-magaribi, na udongo wa upande ule ulishika madini. Mboga ya majani, kama lengalenga na shu, inavuta madini ile kupita mboga ya matunda kama tomati. Wachunguzi wa kilimo wa Université de Lubumbashi walijaribu kuchanganya udongo ile na mbolea ya kuoza na chokaa. Inasaidia kupunguza, lakini haimalize.

Kama unaishi karibu na kiwanda ao mugodi, njia nyepesi ni kupanda mu mifuko ao mu masanduku: leta udongo kutoka mbali na migodi, changanya na mbolea ya kuoza ya takataka za jikoni na mavi ya kuku. Lakini angalia mufuko ule ulibeba nini. Ule wa madini ao wa dawa za kiwanda, hapana. Na bido ile ilibeba asidi, hata ukiisafisha mara 10, isichote maji ya bustani. Usimwangilie na maji ya mutoni unaopita chini ya kiwanda. Na mbele ya kupika, osha majani mara 3 mu maji safi: madini ile iko ndani ya jani haitatoka, lakini mavumbi ile iko juu yake itatoka.

Mbabula ku kiwanja

Kupika inje ni desturi yetu, lakini kila siku mama njo anapika peke yake. Mu vakansi, siku moja mu wiki tuigeuze: baba awashe mbabula, mama akae. Baba yule anafanya poste ya usiku asilazimishwe siku ya Mungu. Chagueni siku yake ya kupumzika, hata ikiwa ya 3.

Chakula rahisi: tilapia ya kupasuliwa, chumvi, kitunguu, tomati na pilipili, inafungwa mu majani ya ndizi na kuwekwa juu ya makala ya pole pole, dakika 30 hivi, ukiigeuza mara moja. Pembeni, viazi tamu ndani ya majivu ya moto. Lengalenga ya mutoto inapikwa na kalanga ya kusaga, na bukari inakuja mwisho. Kwa kulinda makala, ile bei yake haishuke, loweka maharage usiku muzima mbele ya kupika, funika chungu, na weka mbabula mahali upepo haupige.

Ya kunywa, munkoyo. Pika uji ya bunga ya mahindi, iache ipowe mpaka ibakie vuguvugu, kisha tia muzizi wa munkoyo wa kupondwa. Watoto wataona kitu cha ajabu: uji mugumu unakuwa mwepesi na tamu bila sukari. Si uchawi. Muzizi uko na kitu ndani kinachokata wanga ya mahindi na kuigeuza sukari. Iache usiku moja, chuja, kunywa. Ikikaa siku mingi inakuwa pombe, na hapo si ya watoto tena.

Neno moja la nguvu: baridi ya usiku ikiingia, mbabula isifuate watu mu chumba. Makala inatoa hewa ya sumu haina harufu, haina rangi, na inaua watu wakiwa wamelala. Izimishe inje, funika watoto na blanketi. Na usiwashe moto karibu na majani ya kukauka. Upepo wa mwezi wa 8 haungoje mutu.

Kutembea karibu

Watu wa Lubumbashi wako na bustani ya wanyama, na musée ambamo watoto wataona misalaba ya shaba ya zamani: babu zetu waliyeyusha shaba mbele ya muzungu kufika, na mutoto wa mufanyakazi wa mugodi anapashwa kujua hiyo. Watu wa Likasi wako karibu na ziwa Tshangalele, ile ilizaliwa na barrage ya Mwadingusha ku mutoni Lufira. Watu wa Kolwezi wako na ziwa Nzilo ku Lualaba. Mwenye motokari na siku mbili anaweza kufikiri Kundelungu, kule maji ya Lofoi inaanguka zaidi ya meta 300, hata kama kiangazi inaipunguza. Bebeni chakula cha nyumbani. Ile feza ya restora ilipe safari.

Lakini mu vakansi watoto wanajitafutia matembezi yao wenyewe, na matembezi mabaya kupita yote ni shimo ya zamani iliyojaa maji. Maji inaonekana ya buluu, mazuri. Kando yake ni wima, majiwe inateleza, hakuna mahali pa kushika wala pa kusimama. Mwenye kujua kuogelea pia anabakia mule. Mwambie mutoto mbele ya kitu kutokea, na mwambie kila wiki.

Tarehe 1 mwezi wa 8 ni sikukuu ya wazazi. Asubuhi tunaenda kusafisha makaburi ya wale walitutangulia, muchana tunakula na wale wako nasi. Mwaka huu, alike babu ao nyanya pa lupango. Watoto wavune mboga yao, baba awashe moto, na muzee akae mu kiti kizuri atuambie kambi ilikuwa namna gani. Kwa siku ile hatuombe kampuni kitu, paka ruhusa ya baba kuwa pale.