Fahamu: Jaji Augustino Ramadhani na kesi ya mgombea binafsi

Kila uchaguzi unapokaribia Tanzania, swali la mgombea binafsi, yaani asiye na chama, hurudi mezani, na pamoja nalo jina la Jaji Augustino Ramadhani.

Mzaliwa huyu wa Zanzibar alikuwa ofisa wa jeshi aliyefikia cheo cha Brigedia Jenerali. Alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, kisha wa Tanzania kuanzia 2007 hadi 2010.

Juni 2010, jopo la majaji saba aliloliongoza katika Mahakama ya Rufani lilitoa hukumu katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, aliyetaka mgombea binafsi aruhusiwe: suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Ilikuwa hukumu nzito, na kwa wengi yenye kuvunja moyo.

Mtikila hakukata tamaa. Alikwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, Arusha, ambako sasa Ramadhani alikuwa jaji. Kwa kuwa ni raia wa nchi iliyoshtakiwa, hakuisikiliza kesi hiyo. Juni 2013 Tanzania ikashindwa.

Mwaka uliofuata, Ramadhani alichaguliwa Rais wa mahakama hiyohiyo. Alifariki Aprili 2020. Licha ya hukumu ya 2013, Katiba ya Tanzania bado inamtaka mgombea awe na chama.