Mgongo wa Mkulima: Utunzeni Kabla Haujaumia

Kila mkulima ana zana zake. Ana jembe, panga, shoka na kikapu, na kila moja huitunza. Jembe hunolewa, mpini ukilegea hukazwa, na panga haliachwi nje kwenye umande. Lakini zana ya kwanza ya mkulima, ambayo bila yake hizo nyingine ni vyuma vitupu, ni mwili wake. Jembe likivunjika hununuliwa jingine. Mgongo ukiharibika, hakuna duka liuzalo mgongo.

Hapa petu Takaungu, na pwani yote kutoka Mtwapa mpaka Malindi, kazi nyingi za shamba hufanywa kwa mikono. Mahindi na mihogo hulimwa kwa jembe, minazi hukwewa, maji hubebwa kwa madumu, na vyombo vya uvuvi huvutwa mpaka mchangani. Masika yakianza, siku nzuri za kupanda ni chache. Mtu alalaye ndani wiki mbili kwa ajili ya mgongo wakati huo hapotezi wiki mbili tu. Hupoteza mavuno ya msimu mzima, na nyumba yake hununua unga ambao ingeweza kuupata shambani. Kwa hiyo habari ya mgongo si ya hospitali peke yake. Ni habari ya chakula.

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, si mganga. Lakini mambo ninayoyaeleza hapa ni yale yanayofundishwa na wataalamu wa tiba ya viungo, na yafaa kila mkulima ayajue.

TIBA YA VIUNGO NI NINI?

Mtaalamu wa tiba ya viungo hapasui mtu, wala dawa yake si vidonge. Kazi yake ni kuutazama mwili unavyokwenda: jinsi mtu anavyotembea, anavyoinama, anavyoinua mkono na anavyosimama kutoka kitini. Akiisha kuona penye udhaifu au ugumu, humfundisha mgonjwa mazoezi ya kupanyoosha na kupatia nguvu.

Kazi hii si mpya. Mwaka 1894 wauguzi 4 wa London walianzisha chama cha kuilinda na kuisimamia. Mwaka 1951 vyama vya nchi mbalimbali viliungana kuwa chama kimoja cha dunia, na ndiyo sababu tarehe 8 Septemba kila mwaka ni siku ya tiba ya viungo duniani. Hapa Kenya, chama cha APDK kilianzishwa mwaka 1958 kuwahudumia watu wenye ulemavu wa viungo, wakati ugonjwa wa polio ulipokuwa bado ukiwapooza watoto wengi. Mwaka 2014 Bunge lilipitisha sheria ya kuwasajili wataalamu hawa, ili mwananchi asitibiwe na mtu asiyesomea.

Zamani mtaalamu huyu aliitwa baada ya msiba: mtu amevunjika mguu, au amepooza upande mmoja. Leo anazidi kutakiwa mapema, kabla mtu hajaumia. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba maumivu hayo ndiyo yanayowazuia watu wengi zaidi kufanya kazi zao kuliko ugonjwa mwingine wowote. Ufa huo ni mkubwa, na mara nyingi huanzia mahali padogo.

MGONGO UNAVYOFANYA KAZI

Kutoka shingoni mpaka kiunoni kuna mifupa 24 iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Kati ya mfupa na mfupa mna kitu laini kama mto mdogo, kinachozuia mifupa isigongane. Misuli ya tumbo, ya mgongo na ya makalio huishika safu hiyo kama kamba zinavyoushika mlingoti wa jahazi. Kamba zikiwa imara, mlingoti hustahimili upepo. Kamba zikilegea, upepo mdogo huuyumbisha.

Sasa fikirini mizani ya mkono. Jiwe dogo likiwekwa mbali na katikati huinua mzigo mkubwa ulio karibu. Mgongo nao ni hivyo hivyo. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Ukilishika karibu na tumbo, mgongo huubeba uzito huo bila taabu kubwa. Ukilishika mbali kwa mikono iliyonyooshwa, misuli ya kiuno hulazimika kuvuta kwa nguvu mara nyingi zaidi ili usianguke mbele. Na ukigeuka huku umeinama, ile mito midogo hubanwa upande mmoja na kusokotwa. Siku moja haileti madhara. Miaka ishirini huleta.

HABARI YA JEMBE LA MPINI MFUPI

Katika jimbo la California, Marekani, vibarua wa mashamba ya mboga walilazimishwa kwa miaka mingi kupalilia kwa jembe lenye mpini wa kiasi cha sentimita 60 tu. Walifanya kazi wameinama kutwa. Wenye mashamba walisema mpini mrefu ungeharibu miche. Madaktari walieleza jinsi migongo ya vibarua ilivyoharibika kabisa wakiwa bado vijana. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya jimbo hilo, na mwaka 1975 jembe lile likapigwa marufuku. Wapaliliaji wakasimama wima, na mboga za California hazikukoma kulimwa.

Tujifunze hapo. Wengi wetu, hasa kina mama, hupalilia kwa kijembe kilichokwisha, na mpini uliovunjika ukakatwa ukawa mfupi zaidi. Mpini mzuri ni wa mti mgumu, mkavu, usio na mafundo. Jembe likisimamishwa chini, mpini wake na ukufikie kifuani. Mtu mrefu asilime kwa jembe la mtoto. Bei ya mpini ni ndogo mno ukiilinganisha na kiuno.

KUINUA NA KUBEBA

Kwanza, gunia la mahindi la kilo 90 si mzigo wa mtu mmoja. Ligawanyeni katika magunia madogo, au waitane wawili, au litumike mkokoteni. Hakuna ufundi wa kuinua unaoweza kuugeuza mzigo mkubwa kuwa mdogo.

Pili, usogelee mzigo. Tanguliza mguu mmoja, kunja magoti, ulete mzigo mwilini, kisha simama kwa nguvu ya mapaja.

Tatu, ukitaka kugeuka, geuza miguu. Usikisokote kiuno huku mikono imebeba.

Nne, badilisheni kazi. Anayepalilia saa moja na abebe mbegu au akusanye magugu kidogo, kisha arudi. Kuinama kutwa nzima bila kubadili ndiko kunakoumiza.

"MIMI NALIMA KUTWA, MAZOEZI YA NINI?"

Mzee mmoja wa hapa aliniuliza hivi ofisini: "Mwanangu, mimi nalima toka alfajiri. Hayo mazoezi ni ya watu wa mjini waketio vitini. Yanifaa nini mimi?"

Nilimjibu: "Shikamoo yangu uliipokea umesimama, mzee. Lakini nyoosha mgongo urudi nyuma kidogo." Alijaribu, akashika kiuno, akacheka.

Swali lake ni zuri, na jibu ni hili. Kazi ya shamba huutumia mwili upande mmoja: mbele na chini. Misuli fulani huchoka kila siku, na mingine haiguswi. Mazoezi huiendea ile isiyoguswa. Hayahitaji vyombo. Yanahitaji mkeka na dakika kumi.

Zoezi la 1. Ukiwa shambani, kila baada ya muda wa kuinama, simama, weka viganja kiunoni, jikunje nyuma polepole mara 5.

Zoezi la 2. Lala chali mkekani, kunja magoti, nyayo zikanyage chini. Inua makalio mpaka mwili unyooke kutoka magotini hadi mabegani. Hesabu mpaka tano, shuka. Fanya mara 10.

Zoezi la 3. Keti kitini, kunja mikono kifuani, simama na kuketi bila kujishika popote. Fanya mara 10. Hili hutia nguvu mapajani, na magoti hushukuru.

Zoezi la 4, hasa kwa wazee. Simama karibu na ukuta na uinue mguu mmoja kwa muda wa kuhesabu kumi, kisha wa pili. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, mara nyingi harudi tena shambani. Uchunguzi uliokusanywa kutoka nchi nyingi na kutangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mazoezi ya kujisimamisha hupunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu robo.

Zoezi lolote likileta maumivu makali, au yanayoshuka mguuni, liacheni na mkamwone mtaalamu.

KULALA NA KUKANDWA

Mtu akishikwa na kiuno, jamaa humwambia alale asiondoke. Siku moja au mbili za kupumzika hazina neno. Lakini kulala wiki nzima hudhoofisha zile kamba za mlingoti, na maumivu hukawia. Kiuno kilichoshikwa ghafula, mara nyingi hupoa katika wiki chache ikiwa mtu anaendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi.

Je, kukandwa? Kuchuliwa kwa mafuta ya nazi ni desturi yetu ya tangu zamani, na misuli iliyokaza hupata nafuu. Hakuna ubaya, maadamu mfupa haukuvunjika na mkandaji havuti shingo wala mgongo kwa nguvu. Lakini kukandwa hufanywa na mwingine, nawe umelala. Nguvu ya misuli haiingii kwa mafuta; huja kwa kuitumia misuli. Kanda leo, fanya mazoezi kesho na kesho kutwa.

Vilevile, mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mikanda ya kufunga kiunoni isitegemewe kuwa tiba ya maumivu ya muda mrefu. Fedha ya mkanda na inunue mpini.

SI MGONGO TU

Mwendo wa mwili hulinda na mambo mengine. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walitangaza habari za wafanyakazi wa mabasi ya London. Madereva waliketi kutwa. Makondakta walipanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa. Makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva. Tangu hapo mengi yamejulikana: mwendo hushusha shinikizo la damu, ambalo ndilo chanzo kikubwa cha kiharusi, na hupunguza hatari ya kisukari. Shirika la Afya Duniani linawataka watu wazima wafanye dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa kuharakisha pumzi kila wiki. Mkulima huzipata shambani. Lakini mwenye duka, dereva wa bodaboda na karani kama mimi hatuna budi kuzitafuta kwa miguu.

Na mtu aliyekwisha kupata kiharusi asifichwe chumbani. Hospitali ikimruhusu, aanze mazoezi mapema na mtaalamu, maana mkono usiotumika hukakamaa.

ALIYEANGUKA MNAZINI

Mgema au mwangua nazi akianguka, msimwinue kwa kwapa wala msimketishe. Huenda mfupa wa mgongo umevunjika, na kumkunja kwaweza kumpooza maisha. Mwacheni alale kama alivyo, shikeni kichwa kisitikisike, na mtume mtu akaombe gari la wagonjwa. Ikiwa hapana budi kumwondoa, watu wengi wamsogeze kwa pamoja juu ya ubao au mlango, mwili ukiwa umenyooka.

DALILI ZISIZONGOJA

Nendeni hospitali upesi, msingoje kesho, mkiona maumivu ya mgongo pamoja na mojawapo ya haya: miguu kufa ganzi au kulegea, ganzi katika mapaja ya ndani na sehemu za siri, haja ndogo au kubwa kutozuilika, au haja ndogo kukataa kutoka. Tena, maumivu yasiyopungua hata usiku, pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda, yapimwe. Kifua kikuu huweza kuingia katika uti wa mgongo, nacho kina dawa.

Kwa maumivu mengine, anzeni katika zahanati iliyo karibu, mwombe mwelekezwe kwa mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali kubwa, kama ile ya Kilifi au ya Malindi. Muulizeni swali hili moja: "Nifanye zoezi gani nyumbani?" Mkirudi na jibu lake, mmerudi na dawa isiyokwisha chupani.

Wakulima wenzangu, kabla ya masika yajayo kila mtu atakagua mbegu zake na jembe lake. Siku hiyo hiyo aukague na mpini, atandike mkeka, auzoeze na mgongo. Shamba hulimwa na aliye wima.