Kughani Hadi Moyo Ugeuke: Wabuddha na Njia ya Furaha

Mtu wa Bujumbura hahitaji kufundishwa kwamba neno likirudiwa lina nguvu. Panda Mont Sion kule Gikungu, utawakuta waumini na rozari mkononi, Salamu Maria moja ikiifuata nyingine. Shuka Buyenzi, mtaa wa Waswahili wenye barabara za namba, utawakuta wazee wamekwisha kuswali lakini vidole bado vinatembea kwenye tasbihi. Wafuasi wa tarika ya Kadiria nao wana dhikri yao, ile inayotoka kifuani pamoja na pumzi. Tarika hiyo ilitoka pwani, ikafuata njia ya zamani ya misafara hadi Ujiji na kingo za ziwa letu.

Wabuddha nao wana kughani kwao. Baadhi yetu tulikusikia kwa mara ya kwanza kupitia Tina Turner, mwanamuziki wa Marekani aliyeanza kughani mwaka 1973, akiwa bado ndani ya ndoa ya vipigo, na ambaye hadi kifo chake mwaka 2023 alisema kwamba zoezi hilo ndilo lililompa ujasiri wa kuondoka na kuanza upya. Maneno aliyoyaghani ni Nam-myoho-renge-kyo. Watu huniuliza: je, kutamka maneno ya Kijapani asubuhi na jioni kunaweza kumpa mtu furaha? Jibu langu ni kwamba maneno peke yake hayampi mtu furaha. Yanampa nafasi ya kugeuka ndani, na furaha hufuata pale anapoitumia nafasi hiyo mbele ya watu anaoishi nao.

Mtoto wa wavuvi

Aliyeanzisha kughani huku ni mtawa wa Japani aitwaye Nichiren, aliyezaliwa mwaka 1222 katika familia ya wavuvi. Tarehe 28 Aprili 1253, kwenye hekalu la Seicho-ji, alitangaza kwamba mafundisho yote ya Buddha yamekusanyika katika andiko liitwalo Sutra ya Yungiyungi, na kwamba mtu akighani kwa moyo wote jina la sutra hiyo amegusa kiini chake. Maana ya maneno yale, kwa kifupi, ni kujitoa kwa sheria ya ajabu inayoendesha uhai, sheria ya sababu na matokeo.

Nichiren aliishi katika nchi ya matetemeko, njaa na maradhi. Watawa wasomi walikuwa na vitabu na miaka ya kutafakari. Mkulima hakuwa na kimojawapo. Nichiren alimpa mkulima huyo zoezi ambalo hata asiyejua kusoma angeliweza, tena kwa msingi mzito: kwamba kila mtu, mwanamke kwa mwanamume, mwema kwa mwovu, ana asili ya Buddha ndani yake. Watawala hawakumpenda. Walimpeleka uhamishoni mara mbili, Izu mwaka 1261 na Sado mwaka 1271, na mwaka huo wa 1271 nusura wamkate kichwa.

Karne nyingi baadaye, mwaka 1930, mwalimu wa shule Tsunesaburo Makiguchi na mwanafunzi wake Josei Toda walianzisha chama kilichokuja kuitwa Soka Gakkai. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walikataa kuipokea hirizi ya dini ya dola, wakafungwa mwaka 1943. Makiguchi alifia gerezani tarehe 18 Novemba 1944. Toda alitoka tarehe 3 Julai 1945, mwili umedhoofika, lakini akiwa na jambo alilolipata selo kwa kusoma na kughani: kwamba Buddha si mtu wa mbali wa kuombwa, ni uhai wenyewe ulio ndani ya kila mmoja. Toda aliita kazi ya kuuamsha uhai huo mapinduzi ya ndani ya mtu.

Mrithi wake, Daisaku Ikeda, alianza kuandika riwaya yenye jina hilo mwezi Desemba 1964. Alianzia Okinawa kwa makusudi, kisiwa kilichosagwa na mapigano ya mwaka 1945. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu mmoja akigeuka kweli ndani, anaweza kugeuza hata mwendo wa taifa lake. Chama chenyewe kina historia ya mabishano: mahubiri yake ya miaka ya 1950 yalilaumiwa kwa ukali, mwaka 1964 kilizaa chama cha siasa, na mwaka 1991 kilitengwa na makasisi wa madhehebu yake. Lakini hoja ya Ikeda inastahili kupimwa kivyake, hasa katika nchi yetu ya Burundi, iliyopitia mauaji ya mwaka 1972 na ya 1993.

Kinachofanyika asubuhi na jioni

Anayeifuata njia hii huketi wima mbele ya hati iliyoandikwa kwa herufi za Kichina na za Kihindi cha kale, iitwayo Gohonzon. Mikono ameikutanisha kifuani, macho yako wazi. Husoma kwa sauti sehemu za sura ya 2 na ya 16 za Sutra ya Yungiyungi, kisha hughani Nam-myoho-renge-kyo tena na tena, kwa dakika chache au kwa saa nzima. Sauti husikika wazi na mwendo ni wa haraka. Mbele ya hati hiyo hutaja shida yake ilivyo: ada ya mtoto, ugonjwa, chuki kwa jirani.

Wabuddha wengine wa Afrika Mashariki hughani kwa namna nyingine. Hekalu la Dar es Salaam, lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka Ceylon mwanzoni mwa karne ya 20, hufuata Ubuddha wa Theravada, na sutra zake hughaniwa polepole kwa lugha ya Kipali. Uganda kuna kituo cha Kibuddha karibu na Entebbe, kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Buddharakkhita, Mganda aliyeujua Ubuddha akiwa mwanafunzi India. Katika mkondo huu kuna zoezi la upendo-wema: unajitakia heri wewe mwenyewe, kisha unamtakia unayempenda, kisha usiyemjua, kisha unamtakia aliyekukosea. Hatua hiyo ya kumtakia heri aliyekukosea ndiyo ngumu, na hatua za kabla yake zimepangwa ili zikufikishe hapo.

Mwili unapata nini

Mwaka 2001 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi wa Italia na wenzake. Waliwapima watu wazima 23 wenye afya wakisali Ave Maria kwa Kilatini, kisha wakirudia mantra ya Kibuddha ya Tibet. Maneno hayo yote mawili yalishusha pumzi hadi karibu mara sita kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 18. Kwa mwendo huo wa mara sita, mapigo ya moyo na shinikizo la damu viliingia katika mawimbi yanayokwenda pamoja, na mwili ukaongeza uwezo wake wa kurekebisha shinikizo la damu.

Sababu yake inaeleweka. Huwezi kutamka ukiwa unavuta pumzi. Anayeghani huvuta kwa haraka na kutoa taratibu, na wakati wa kutoa pumzi ndipo neva ya vagasi inapoupunguza moyo kasi. Hata anayeghani haraka, kama wafuasi wa Nichiren, hutamka maneno kadhaa kwa pumzi moja, kwa hiyo kutoa pumzi kunabaki kurefu kuliko kuvuta.

Akili nayo hupata pumziko. Mwaka 2015 watafiti wa Israeli waliwaomba watu wasio na mazoea ya kutafakari warudie kimyakimya neno moja la Kiebrania lenye maana ya "moja", huku ubongo wao ukipigwa picha. Shughuli ilipungua katika maeneo mengi ya ubongo, hasa ule mtandao unaowaka tunapojizungusha ndani ya fikra zetu wenyewe: alinifanyia nini, nitakula nini kesho, wananionaje. Na watu wanapotoa sauti pamoja, kuna la ziada. Björn Vickhoff na wenzake wa Göteborg walionyesha mwaka 2013 kwamba waimbaji wa kwaya mapigo ya mioyo yao huanza kupanda na kushuka kwa pamoja, kwa sababu wanapumua pamoja.

Tafiti hizi ni ndogo na hazithibitishi dini yoyote. Zinaonyesha kwamba ustadh wa Buyenzi, mama wa Gikungu na Mbuddha wa Tokyo wanaupitia mlango uleule wa mwili. Kila mmoja akishaupita, imani yake inamwambia cha kufanya.

Dunia kumi kwenye foleni

Ubuddha wa Nichiren unasema maisha ya mtu yana dunia kumi, na tunahama kutoka moja hadi nyingine mara nyingi kwa siku. Nne za chini ni jehanamu, njaa, unyama na hasira. Zinafuata utulivu wa kibinadamu na furaha ya muda. Juu ya hizo ni kujifunza, kutambua, huruma ya bodhisatva, yaani anayejitoa kwa ajili ya wengine, na mwisho ubuddha.

Chukua foleni ya esansi, jambo ambalo mji wetu umelijua vizuri mno miaka hii. Dereva wa teksi aliyelala ndani ya gari usiku mbili na sasa anaona kwamba hakuna litakalobadilika, huyo yuko jehanamu. Anayewaza lita tu, hata akipewa anataka za akiba, ni njaa. Anayemsukuma mnyonge na kumnyenyekea mwenye cheo ni unyama. Anayepima kila kitu kwa nani kamzidi ni hasira. Gari likijaa, inakuja furaha ya muda, ambayo inaisha pamoja na tanki. Lakini kwenye foleni hiyohiyo yuko anayemwachia nafasi mwenye mgonjwa garini, na jua linalompiga ni lilelile.

Toda alitofautisha furaha ya aina mbili. Moja inategemea hali: kazi, pesa, afya, tanki lililojaa. Haidharauliwi, lakini hali ikigeuka inaondoka nayo. Nyingine ni uwezo wa kubaki na nguvu na huruma hata hali isipogeuka. Kughani kunalenga hiyo ya pili.

Basi kwa nini wafuasi wanaruhusiwa kughani ili wapate kazi au nyumba? Wakosoaji wengi hukwama hapa. Nichiren hakufundisha kuiua tamaa. Alifundisha kwamba tamaa ndiyo kuni ya mwangaza. Mtu anakuja na shida aliyo nayo, kwa sababu hana nyingine ya kuanzia. Akiendelea kwa uaminifu, anaanza kujiona: anaona kwamba anataka kazi lakini anawaogopa watu, au anaomba amani nyumbani huku ulimi wake ndio moto wenyewe. Hapo ombi linageuka kuwa uamuzi. Kama haligeuki, zoezi limekuwa biashara, na hatari hiyo haiko kwa Wabuddha peke yao.

Mipaka ambayo lazima isemwe

Katika mji uliopitia tuliyoyapitia, kuketi na kutulia si salama kwa kila mtu. Mwenye kiwewe anaweza kuketi atulie, na badala ya utulivu zikaja picha za mwaka ule. Asilazimishwe. Afanye kwa muda mfupi, macho wazi, akiwa na mtu anayemwamini. Asiyelala, anayesikia sauti au anayefikiria kujiua anahitaji tabibu, na Bujumbura ina kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, kinachoendeshwa na Mabruda wa Charité. Kughani kunaweza kwenda pamoja na dawa. Kusichukue nafasi yake.

Wala mageuzi ya ndani yasitumiwe kumwambia maskini kwamba njaa yake ni kosa la moyo wake. Makiguchi na Toda hawakughani ili walizoee gereza. Walifika gerezani kwa sababu walikataa jambo lililowekwa na dola. Nguvu ya ndani inayomfanya mtu avumilie dhuluma na kunyamaza haifanani na ile iliyowaweka wawili hao selo.

Na ndugu zangu Waislamu na Wakristo wajue kwamba Nam-myoho-renge-kyo ni tamko la imani, si sauti tupu ya kutuliza neva. Anayelighani anajitoa kwa mafundisho fulani. Hakuna haja ya kuiba zoezi la mwenzako na kulivua imani yake, wakati lako lipo. Tunachoweza kujifunza kwa Wabuddha hawa ni ukali wa kipimo chao. Wanasema zoezi lina pande mbili, kwa ajili yako na kwa ajili ya wengine, na upande mmoja ukikosekana mwingine haukamiliki. Kughani kwa saa moja halafu kutoka na kumtukana mfanyakazi wa ndani ni saa iliyopotea.

Basi anayetaka kujua kama rozari yake, dhikri yake au kughani kwake kunamgeuza, asijipime kwa utulivu anaousikia akiwa ameketi. Utulivu huo pumzi peke yake inaweza kuuleta. Aendelee kila siku kwa mwezi mmoja, asubuhi na jioni, na kila siku achague mtu mmoja aliyemfungia moyo: shemeji, bosi, jirani wa kabila jingine. Amtakie heri kwa jina, kisha amtendee jambo moja dogo la heri. Mwezi ukiisha, awaulize wanaokula naye sahani moja kama wameona tofauti. Wao ndio mashahidi. Wakisema hawajaona, aendelee mwezi mwingine, na safari hii aanze na yule aliyemruka.