Nilienda Nice msimu ukiisha, nikamkumbuka mzee wangu wa Diani

NILIPOWAAMBIA wenzangu chuoni Lyon, Ufaransa, kuwa naenda Nice mwishoni mwa Oktoba, mmoja aliangua kicheko. "Unaenda kufanya nini? Si msimu umeisha!"

Maneno hayo nimeyajua tangu utotoni. Mzee wangu alikuwa mpishi katika hoteli moja Diani. Kila mwaka, Pasaka ikishapita na mvua ya masika kuanza, wageni walipungua na orodha ikabandikwa ukutani: hawa wabaki, hawa waende nyumbani hadi mambo yawe mazuri. Jina la mzee halikukosa kwa wale wa nyumbani. Kuanzia Aprili hadi Juni tulikula kwa daftari la duka, na mwenye duka alikuwa na mwandiko mzuri sana.

Kwa hivyo nilikuwa na sababu mbili za kwenda. Ya kwanza ni mfuko, maana mwanafunzi hana ubavu wa kulipa bei za Agosti. Ya pili, nilitaka kujionea: msimu ukiisha kwa wenzetu, huwa vipi?

Nice (tamka "Nisi") ni mji wa watu takriban 350,000 kusini mashariki mwa Ufaransa, ukingoni mwa Bahari ya Mediterania, si mbali na mpaka wa Italia. Basi la usiku lilinishusha asubuhi. Kitanda katika bweni la wasafiri kilinigharimu karibu nusu ya bei niliyokuwa nimeiona Julai.

Kitu cha kwanza kinachomshtua mtoto wa Pwani ni ufuo wenyewe. Hakuna mchanga! Ni mawe tu, ya kijivu na laini, mengine makubwa kama viazi. Nilivua viatu kwa mbwembwe, hatua tatu nikavivaa tena. Maji nayo yalikuwa na joto la nyuzi 20 hivi. Wazee wa mji walikuwa wanaogelea kama hakuna kitu. Mimi niliyezoea bahari iliyo vuguvugu kama chai iliyosahaulika mezani nilitoka baada ya dakika tano, meno yakigongana.

Kando ya ufuo huo kuna barabara maarufu ya matembezi, Promenade des Anglais, yenye urefu wa kilomita 7 hivi. Jina lake linamaanisha matembezi ya Waingereza, na hapo ndipo hadithi inapokuwa tamu.

Waingereza hao hawakuja kuota jua la kiangazi. Walikuwa wanakimbia baridi ya kwao. Tangu karne ya 18, wenye hela walifika Oktoba au Novemba na kuondoka baridi ikiisha. Joto la Julai lilionekana kama adhabu, na hoteli nyingi zilifunga milango. Yaani wakati ambao rafiki yangu aliuita mwisho wa msimu ndio uliokuwa mwanzo wake!

Barabara yenyewe ilitokana na ukosefu wa kazi. Mapema miaka ya 1820, baridi kali iliharibu mazao na kuwaacha maskini wa mji bila kibarua. Waingereza waliokuwa wakiishi pale walichanga pesa, wakawalipa watu hao watengeneze njia kando ya bahari. Nice ikawa sehemu ya Ufaransa mwaka wa 1860, reli ikafika 1864, na miaka ya 1890 hata Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa akija kukwepa baridi hapo.

Mambo yaligeuka karne ya 20. Kuota jua kukawa fasheni, na mwaka wa 1936 wafanyakazi wa Ufaransa wakapata kwa sheria likizo ya wiki mbili yenye malipo. Watu wa kawaida nao wakaanza kumiminika baharini wakati wa joto. Lakini Nice haikuutupa msimu wake wa zamani. Kanivali yake kubwa hufanyika Februari, na mji jirani wa Menton huandaa tamasha la malimau mwezi huohuo. Mwaka wa 2021, UNESCO iliiweka Nice kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na sababu iliyotajwa ni kuwa mji wa mapumziko ya majira ya baridi.

Je, ina maana hakuna anayeumia? La. Siku ya pili nilimkuta jamaa kutoka Tunisia akipanga magodoro ya ufuoni, tayari kupelekwa stoo. Tulizungumza Kifaransa, chake kikiwa kizuri kuliko changu. Mkataba wake ulikuwa unaisha siku nne baadaye.

"Na baada ya hapo?" nikamuuliza.

"Mdogo wangu, napanda milimani. Desemba watu wanateleza kwenye theluji, na huko pia wanataka mtu wa kuosha vyombo."

Alicheka, ila si kicheko cha mtu mwenye furaha. Ana watoto wawili, na kila mwaka huwaona kwa vipande vipande. Angalau, alisema, mkataba una tarehe. Anajua siku ya kuanza na siku ya kumaliza, hasubiri orodha ukutani.

Mchana nilikula soka. Hapana, si kandanda! Socca ni chapati pana ya unga wa dengu, maji na mafuta ya zeituni, inayookwa kwenye tanuri la kuni na kunyunyiziwa pilipili manga. Ladha yake ilinikumbusha bhajia za Mombasa. Ukiitaka, pitia soko la Cours Saleya katika mji mkongwe, lakini usiende Jumatatu: siku hiyo matunda na mboga huwapisha wauza vitu vya kale.

Jioni nilipanda ngazi za kilima cha Château, ambako hakuna kiingilio, nikauona mji wote chini yangu. Kesho yake nilichukua treni ya kwenda Menton. Reli inafuata bahari karibu safari nzima na kupitia Monaco, pale ambapo Faith Kipyegon alivunja rekodi ya dunia ya maili moja Julai 2023 kwa dakika 4 sekunde 7.64. Nilikaa dirishani nikiwa na kiburi kidogo, kana kwamba nilikimbia mimi.

Mtu asikudanganye, vuli ya huko ina makali yake. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya mvua nyingi. Bahari iliyopata joto kiangazi chote hutoa mvuke, upepo wa kusini huusukuma hadi kwenye milima ya Alps, kisha mbingu hufunguka kwa saa chache tu. Oktoba 3, 2015, mafuriko yaliua watu 20 katika eneo hilo. Ukisikia tahadhari ya rangi ya chungwa au nyekundu, kaa mbali na mito na barabara za chini. Mchoraji Matisse alifika Nice mwishoni mwa 1917 akakuta mvua isiyokatika, karibu afunge virago. Anga ilipotakata alibaki, na ndiko alikofia mwaka wa 1954.

Kwa anayepanga safari kutoka Kenya: unahitaji viza ya Schengen, ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa pesa hazirudi. Beba koti la mvua na viatu vya kutembelea kwenye mawe. Kumbuka pia kwamba Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, na jua huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Usiku wa mwisho nilimpigia mzee. Nikamweleza habari ya kanivali ya Februari, na jinsi mji ulivyoamua kwamba baridi si sababu ya kufunga duka. Nikamwambia masika hatuwezi kuyahamisha, lakini sherehe tunaweza kuzipanga. Aprili shule zetu zimefungwa, na kuna Wakenya wengi ambao hawajawahi kukanyaga Diani. Mbona tusiwaite wao, kwa bei yao?

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: "Na wapishi wa huko, mwanangu, wanaachwa kazini?"

Nikamjibu kweli: wengine wanabaki, wengine wanapanda milimani.

"Basi hao wanaobaki," akasema, "ulize walifanyaje."