Je, Wajua? Dawa ya Kwanza ya Kifaranga wa Samaki ni Maji Yake

Safu yetu leo inachungulia tangi la kioo, lile linalopamba sebule na kumtuliza mtoto. Vifaranga wengi wa samaki wa mapambo hufia mikononi mwa watu wanaowapenda, kwa sababu ya dawa iliyotiwa kwa haraka. Tuanze hapahapa nyumbani, Tanga.

Je, wajua kwamba Tanga ina samaki wake wa mapambo? Anaitwa *Nothobranchius palmqvisti*, na Msweden Einar Lönnberg ndiye aliyemweleza kitaalamu mwaka 1907. Makao yake ni madimbwi ya mvua katika uwanda wa pwani, kutoka kaskazini mashariki mwa Tanzania hadi kusini mwa Kenya. Dume ana mkia mwekundu unaowaka. Ndugu yake wa Unguja, *Nothobranchius guentheri*, alielezwa mwaka 1893, na wote wawili wamevuka bahari hadi kwenye matangi ya wafugaji wa ng'ambo.

Je, wajua kwamba dimbwi likikauka wakubwa wote hufa, lakini ukoo haukatiki? Mayai hubaki ndani ya tope kavu yakisubiri mvua. Mvua ikijaza dimbwi, vifaranga huanguliwa na kukua mbio. Jamaa yao wa Msumbiji, *Nothobranchius furzeri*, ameonekana akikomaa ndani ya siku 14 tu. Kwa samaki wa aina hii, siku tatu za kulegea kwa dawa kali ni sehemu kubwa ya maisha.

Je, wajua kwamba adui mkubwa wa kifaranga ni amonia, na haonekani kwa macho? Hutoka kwenye kinyesi na chakula kilichooza. Joto linapopanda, sumu yake nayo hupanda, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Ukiona vifaranga wanahema juujuu ya maji, usikimbilie chupa ya dawa. Badilisha robo ya maji kwanza, kisha tazama.

Je, wajua kwamba maji ya bomba si salama moja kwa moja? Jiji la Tanga hunywa maji ya Mto Zigi kutoka bwawa la Mabayani, nayo husafishwa kabla ya kufika kwako. Klorini inayotiwa humo kutulinda sisi huunguza matamvua ya samaki. Yaache maji kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24, yakorogekoroge, ndipo uyatie.

Je, wajua kwamba kiini cha yai, chakula ambacho wengi huwapa vifaranga, huchafua maji kuliko karibu chakula kingine chochote? Toa punje ndogo kama ncha ya sindano, na baada ya nusu saa nyonya mabaki kwa mpira mwembamba.

Je, wajua ugonjwa wa vumbi la dhahabu? Ndio unaowasumbua sana samaki wa madimbwi yetu. Zima taa usiku, washa tochi na ummulike samaki ubavuni. Ukiona unga wa manjano kwenye ngozi, kama aliyenyunyiziwa binzari, na anajikuna kwenye mawe, huyo ndiye. Kimelea cha ugonjwa huu hutumia mwanga kama mmea, kwa hiyo kulifunika tangi kwa kitambaa ni sehemu ya tiba.

Je, wajua kwamba chumvi ni miongoni mwa dawa za kwanza za ugonjwa huo? Anza na gramu 1 kwa kila lita. Iyeyushe kwanza kwenye kikombe, kisha uimimine kidogo kidogo kwa siku nzima. Kambare hawaivumilii vizuri, na mimea ya majini huungua. Na chumvi haipandi na mvuke: maji yakipungua kwa jua, ongeza maji matupu.

Je, wajua kwamba dawa zenye shaba huua konokono na uduvi wa tangini? Kifaranga naye ana nafasi ndogo ya kuzihimili, hasa katika maji laini. Malakiti, ile rangi ya kijani, ni sumu kwa mayai na vifaranga, na Ulaya na Marekani zimeipiga marufuku kwa samaki wa kuliwa. Fomalini nayo hupunguza oksijeni majini. Ukiona chupa yake ina mashapo meupe chini, usiitumie kabisa.

Je, wajua kwamba methilini bluu ilitibu malaria kwa binadamu kabla ya kuingia matangini? Mjerumani Paul Ehrlich aliijaribu kwa wagonjwa mwaka 1891. Leo ni rafiki wa mayai ya samaki, kwa kuwa huyakinga na ukungu. Lakini itumie kwenye chombo cha pembeni, maana huua pia bakteria wema wanaokula amonia.

Je, wajua kwamba unga wa tetrasaiklini wa kuku na ng'ombe hauna kazi kwa vumbi la dhahabu wala ugonjwa wa madoa meupe? Magonjwa hayo huletwa na vimelea, si bakteria. Zaidi ya hayo, chokaa iliyomo kwenye maji magumu hushikamana na dawa hiyo na kuidhoofisha. Utakuwa umewafundisha vijidudu usugu bure.

Je, wajua kwamba si kila cha asili ni salama? Mvuvi haramu anayetia utupa majini anajua: mmea ule huua samaki wote, wadogo na wakubwa. Mwarobaini ukizidi nao ni sumu. Na dawa ya mbu ya kupuliza huua samaki upesi, kwa kuwa pampu ya hewa huivuta hadi majini. Usikate chandarua chenye dawa kuwa wavu wa tangi.

Je, wajua kwamba kuna jani la pwani yetu ambalo wafugaji wa nchi za baridi hulinunua? Ni jani la mkungu. Okota lililoanguka lenyewe, kavu, la kahawia, mbali na barabara na dawa za mashamba. Lioshe, weka moja kwa lita 40. Maji yatageuka rangi ya chai ya rangi, na ukungu utapungua. Ni kinga, si tiba ya mgonjwa mahututi.

Je, wajua jinsi ya kupima lita za tangi lako? Zidisha urefu, upana na kina cha maji kwa sentimita, kisha gawa kwa 1,000. Tangi la 60 kwa 30 lenye maji ya kina cha 25 lina lita 45, na mchanga na mawe hupunguza zaidi. Anayekadiria kwa macho huua kwa mkono wake.

Je, wajua kwamba perege jike, akiwemo yule aliyepewa jina la Korogwe mwaka 1955, hubeba mayai na watoto kinywani? Wakati huo huwa hali, hivyo dawa ya kuchanganywa na chakula haimfikii. Na dawa unayotia majini humfikia mama na watoto wake pamoja.

Basi ndugu msomaji, kabla ya kufungua chupa yoyote fuata mpango huu: badilisha maji, tambua ugonjwa, pima lita, toa mkaa wa kwenye kichujio, tia dawa moja tu. Samaki mgeni mtenge wiki tatu. Maji yenye dawa usiyamwage mtoni. Kifaranga hawezi kukuambia kinachomuuma, kwa hiyo mtazame kila asubuhi kabla hujamlisha.