Uvimbe wa Taya Ziwani: Malaria Inapowachosha Walinzi wa Mwili

Mzazi akiona shavu la mtoto limevimba, hudhani ni jino. Lakini meno yakilegea na uvimbe ukazidi siku baada ya siku, huenda ni saratani iitwayo limfoma ya Burkitt. Jina hilo ni la Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliyeieleza mwaka 1958. Imeenea Kisumu na kandokando ya Ziwa Victoria, na hata kwetu Pwani si ngeni.

Mwaka 1964, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walivumbua virusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Virusi hivyo vya Epstein-Barr wanavyo karibu watu wazima wote duniani. Basi kwa nini waugue watoto wa ziwani? Sehemu ya jibu ni malaria.

Mwilini mna walinzi wa mlangoni. Mwaka 1975, watafiti nchini Sweden waliona katika panya wa maabara chembe nyeupe za damu zinazoua chembe za saratani papo hapo, bila kuwahi kukutana nazo. Mwaka 1986, Klas Kärre na wenzake, wakitumia panya vilevile, walionyesha namna zinavyomtambua adui: chembe nzima huonyesha kipande chake, na isiyo nacho hushambuliwa. Kinga nyingine hujifunza kwanza sura ya adui, ndipo zije.

Kisumu, mbu wa malaria hawana likizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulilinganisha watoto wa huko na wa Nandi, nyanda za juu zenye malaria kidogo: wadogo wa Kisumu walikuwa na virusi vya Epstein-Barr vingi zaidi damuni. Mwingine wa mwaka 2018 ulikuta kwamba watoto wenye Burkitt, na hata wenye malaria, wana walinzi wengi wa aina iliyopungukiwa silaha. Askari anayepigana kila usiku huchoka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, chandarua hakizuii homa peke yake. Na uvimbe ukitokea, usianze kwa kung'oa jino wala kwa mganga. Burkitt hukua upesi mno, lakini ikiwahiwa husikia dawa za saratani, na Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, Kisumu, huwatibu watoto hawa. Wahenga walisema: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.